Jetoni Namba Sita

Watu wote walikuwa wametoka majini, lakini jetoni ya shaba yenye namba sita ilikuwa bado imening'inia kwenye ubao.

Deborah ndiye aliyeiona. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya nguo ya kuogelea, meno yanagongana kwa baridi ya asubuhi, na moyoni alikuwa na hasira ya taulo. Hasira hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Kwa miaka minane ya ndoa, mumewe Cédric alikuwa akitoka bafuni, anajipangusa, kisha analitupa taulo bichi juu ya kitanda, tena upande wa mke, si upande wake. Jumapili ile waligombana tena kwa ajili ya taulo hilo, kuanzia chumbani kwao Umbilo, Durban, mpaka kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani kabla ya ufukwe, na walipoingia majini Deborah hakutaka hata kumwangalia. Aliogelea kidogo, akanuna, akatoka peke yake. Sasa alipogeuka akamwona Cédric amesimama mchangani hatua chache tu nyuma yake, anachuruzika maji, anatabasamu. Deborah akajisikia mpumbavu kwa kununa kwake. Akanyoosha mkono, akaishusha jetoni ya mumewe, akaitupa kwenye kikapu pamoja na nyingine.

"Umesahau yako," alimwambia. "Kila kitu mpaka nikufanyie."

"Asante, chérie, mpenzi," Cédric akasema.

Hiyo asante nayo ilikuwa ngeni, lakini hakuna mke mwenye akili anayemhoji mume kwa kumshukuru.

Ule ubao ulikuwa kazi ya mzee Ladislaus, na kikundi chenyewe kilikuwa cha watu wa kanisa lao, Wakongomani wengi na Wakenya wachache, waliokutana ufukweni kila Jumapili kabla ya ibada ili wajifunze kuogelea. Walianza mwaka 2012, baada ya kijana wao Baudouin kuzama siku ya mwaka mpya, ufukwe umefurika watu na hakuna aliyejua hata kama yumo majini. Mwalimu wao alikuwa Crispus, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada yake kule Westville, kijana mwembamba aliyependa masharti kuliko chakula. Ogeleeni kati ya bendera mbili tu. Ingieni wawili wawili na mtoke wawili wawili. Asiingie mtu aliyetoka kujaza tumbo kwa ugali wa fufu. Na mkondo ukikuvuta nje, usipigane nao: lala chali, inua mkono mmoja juu, ngoja, utafuatwa. Aliwalaza mchangani wote, wazee kwa vijana, wameinua mkono mpaka mabega yakauma, na wapita njia wakawapiga picha.

Ladislaus yeye aliteremka migodini Kolwezi miaka ishirini kabla ya kuja Durban kulinda magari kwenye jengo moja la Berea. Alichukua ubao, akaugongomelea misumari, akakata vipande vya shaba na kuvitoboa namba. Anayeingia majini anatundika jetoni yake, anayetoka anaishusha kwa mkono wake mwenyewe. Ikibaki moja, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka mwenyewe apatikane. Kila Jumapili mzee alirudia maneno yaleyale, kwamba mtu hashushi jetoni ya mwenzake, hata kama ni ya mtoto wake wa kumzaa, na kila Jumapili watu walipiga miayo.

Asubuhi ile mzee alikuwa amewapa mgongo, anamimina chai kutoka kwenye chupa. Mwokoaji aliyekaa juu ya mnara wake alipouliza kwa ishara kama wote wametoka, Ladislaus aliutazama ubao, akaona misumari mitupu, akamwinulia kidole gumba. Sharp, yaani wote salama. Wakakunja vitu vyao, wakaenda kanisani.

Jioni Cédric alioga. Deborah akasikia anaitwa kutoka bafuni.

"Chérie, nishushie taulo."

Taulo lilikuwa limetundikwa msumarini, shubiri moja kutoka begani kwake. Deborah aliingia, akalishusha, akampa. Cédric alijipangusa, akalikunja vizuri, akamrudishia mkononi. Deborah alisimama nalo pale mlangoni akiwa hajui la kufanya, kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine.

Basi, mwanamke akiona mumewe amekuwa mwema kwa ghafla, hafikirii majini wala mashetani. Anafikiria mwanamke mwingine. Deborah alinusa mashati yake. Hakukuwa na manukato, kulikuwa na harufu ya majani ya bahari, ile ya yale yanayotupwa ufukweni na kuozea juani. Alimtazama akirudi nyumbani mapema kuliko ilivyokuwa desturi yake, akimuuliza habari za saluni alikofanya kazi, na kusikiliza majibu mpaka mwisho. Usiku hakukoroma. Jumanne walipokuja watu wa kanisa kusali nyumbani kwao, alisali kwa maneno mazuri na akasema amina kila palipostahili amina, na Deborah akajionea aibu kwa kumshuku.

Lakini nywele zake hazikukauka. Hilo Deborah alilipima kwa kiganja chake, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na kila mara kiganja kilirudi kibichi. Vidole vyake navyo vilikuwa vimekunjamana, vile vidole vinavyokuwa ukifua nguo nyingi, na havikunyooka. Tena hakugusa kitu chochote kilichotundikwa. Funguo zilikaa kwenye msumari wa mlangoni, naye alisimama mbele yake kila asubuhi, mikono imelegea, anangoja.

"Nishushie funguo, chérie. Nishushie na shati."

"Si zipo mbele yako?"

"Ndiyo," alijibu, kwa upole. "Nishushie."

Siku hiyo ya Jumatano mteja mmoja alikuja mpaka saluni kumtafuta Cédric. Cédric alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilikuwa mlango wa pili kwenye barabara hiyohiyo ya Umbilo. Yule mteja alikuwa na simu tatu mkononi, zake na za ndugu zake, zote zimetengenezwa wiki hiyo, zote zimekufa.

"Mama, mwambie bwana yako," alisema kwa sauti ya chini, akizifungua moja moja. "Angalia ndani. Iko chumvi. Simu yangu haijawahi kufika bahari."

Deborah alitazama ule ukungu mweupe ulioganda juu ya vyuma vidogo vya ndani, akamwomba Marie-Claire mwenye saluni ruhusa ya saa moja, akapanda taxi mpaka ufukweni bila kujua anakwenda kutafuta nini. Ilikuwa saa sita mchana na jua kali. Watoto walikuwa wakicheza na vibao vyao vya kulalia juu ya mawimbi, waokoaji wapo, bendera mbili zipo mahali pake. Mbali kule nje, kwenye maboya ya nyavu za kuzuia papa, aliona kitu chembamba cheusi kimesimama juu ya maji. Kilipanda na wimbi, kikashuka na wimbi, hakikusogea. Alimuuliza mwokoaji ni nini kile. Mwokoaji alitazama alikoonyeshwa, akatazama tena kwa darubini yake.

"Hakuna kitu, dada," akamjibu kwa Kiingereza. "Ni boya tu."

Deborah akakubali kwamba ni boya, kwa sababu alitaka sana liwe boya.

Alhamisi mzee Ladislaus alimpigia simu mwenyewe, akamwomba apite kazini kwake. Alimkuta kwenye kibanda chake cha kulindia, chini ya lile jengo la Berea, magari yametulia pande zote. Juu ya meza kulikuwa na sahani ya plastiki, na ndani ya sahani kulikuwa na jetoni namba sita ikiogelea katika maji.

"Tangu Jumapili haikauki," mzee alisema. "Naipangusa, nageuka, iko maji tena. Nilionja. Ni ya chumvi. Sasa niambie ukweli, binti yangu. Nani alishusha hii?"

Deborah hakumficha. Alimweleza habari ya taulo, ugomvi, jinsi alivyomwacha mwenzake majini na kutoka peke yake, jinsi alivyomwona mchangani na kutaka kumaliza maneno kwa wema mdogo. Mzee alisikiliza huku akikuna kidevu, na alipozungumza alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine mle chini.

"Kule shimoni, jetoni ikiwa kwenye ubao, mutu iko chini lakini bado ni wetu. Shimo haiwezi kumumaliza, sababu anatafutwa. Mukono ya mutu mwingine ikishusha, basi, hakuna anamutafuta. Na juu huku nafasi yake inabaki wazi. Kitu ingine inaikalia."

"Ni jini, Papa Ladi?"

"Ita jina unataka. Miye nimeiona mara moja, ilikaa na muke ya rafiki yangu wiki mbili. Ilikuwa inamubebea maji."

"Na Cédric?" Deborah aliuliza. "Cédric iko hai?"

"Iko hai. Anangoja, vile Crispus alimufundisha. Lakini anachoka, binti. Mutu anachoka." Mzee aliipangusa jetoni kwa shati lake, akaiweka kwenye kiganja cha Deborah na kumfunga vidole. "Niliwaambia waokoaji. Wakaniuliza, si huyu mwenye kibanda ya simu? Si tunamuona kila siku? Wakacheka. Ni mukono ilishusha ndiyo inarudisha, hakuna mwingine. Nipigie saa yoyote. Nitaleta ubao, hata mvua inyeshe."

Deborah alisema atampigia kesho. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kulikuwa na bibi harusi wa kusukwa pamoja na wapambe wake wote, kazi ya kutwa nzima. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu ya kweli aliijua pia: yule aliyekuwa nyumbani alimngoja mlangoni. Alimwondolea viatu. Alimuuliza kama miguu inauma, na kwa miaka minane hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za miguu yake. Deborah alimwogopa mpaka nywele zikamsimama, na papo hapo alitaka jioni moja zaidi. Akasema Jumamosi. Jetoni aliifunga kwenye leso, akaificha kifuani, na ilimlowesha blauzi siku nzima.

Jumamosi jioni alipika samaki, akaweka sahani mbili. Jua lilikuwa halijazama bado na dirisha lilikuwa wazi, lakini kelele za taxi za Umbilo Road zilikuwa zimekwenda mbali, na mahali pake ikasikika sauti nyingine, inapanda, inanyamaza, inapanda. Deborah hakutaka kuipa jina. Yule mume alikaa mkabala naye, hagusi chakula, ananyunyiza chumvi kwenye bilauri yake ya maji, kijiko, kijiko cha pili, cha tatu, anakoroga taratibu.

"Unanuka shaba, chérie," alisema.

Mkono wa Deborah ulikwenda kifuani wenyewe.

"Usiogope. Siwezi kukunyang'anya. Unajua siwezi." Alikunywa, akaiweka bilauri chini bila kishindo. "Miye sikuiba kitu. Nilitoka maji, nikasimama pale muchangani, kama vile nasimama siku zote, na siku zote hakuna mutu ananiona. Weye ukaniona. Ukanishushia. Nilifikiri unaniita."

"Yuko wapi mume wangu?"

"Yule wa taulo?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Deborah aliona kwamba macho yale hayakuwahi kupepesa, hata mara moja, si mezani wala kwenye sala wala alipoinama kumvua viatu, na kwamba maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye nywele zake yalikuwa yamefika sakafuni, yamepita chini ya meza, yamefika kwenye vidole vya miguu yake yeye, na yalikuwa yakienda na kurudi, yakienda na kurudi, ingawa sakafu ya chumba kile ilikuwa tambarare na hakuna upepo wowote uliokuwa ukivuma. "Iko kule anainua mukono. Muvumilivu sana. Kula, chérie, samaki itapoa."

Angeweza kupiga simu wakati ule. Simu ilikuwa juu ya kabati, hatua nne, na mzee angekuja. Deborah alikula. Alikula samaki wote huku machozi yakimdondokea sahanini, akanawa vyombo, akajiambia kwamba kesho ni Jumapili, kwamba kesho ubao utakuwepo wenyewe, kwamba usiku mmoja hauwezi kuwa kitu kwa mtu aliyengoja siku sita.

Asubuhi walikwenda ufukweni pamoja. Yule hakukataa, alimwomba tu amshushie shati. Bahari ilikuwa shwari. Ladislaus alikuwa ameshausimamisha ubao, na alipowaona wakija hakusalimia, alisogea pembeni akampa Deborah nafasi. Crispus alikuwa akichora mchangani mchoro wa mkondo kwa kijiti, tayari kwa somo.

Deborah aliitoa jetoni kwenye leso. Yule akasimama karibu naye, begani kwa begani, na harufu ya majani yaliyooza ikamjaa Deborah puani, na akamsikia akinong'ona sikioni mwake, kwa sauti isiyokuwa ya Cédric hata kidogo, sauti ya mtu anayezungumza akiwa na maji mdomoni, kwamba angemvua viatu kila siku ya maisha yake, kwamba kule nje hakuna anayemuuliza mtu habari za miguu, kwamba yule mwingine hata akirudi atakuja kugombana naye tu, na Deborah alijua kwamba kila neno ni kweli, na akaukosa msumari mara mbili.

Mara ya tatu shaba iligonga mbao.

Shati la yule mtu lilianguka. Lilianguka tupu, na suruali juu yake, na kutoka ndani yakamwagika maji ya ndoo nzima na mchanga na majani meusi, yakakimbilia baharini kwa mstari mmoja ulionyooka, yakipita juu ya mchoro wa Crispus na kuufuta. Crispus alibaki na kijiti mkononi.

"Deborah," alisema polepole, "mimi sijaona kitu. Na wewe hukuona."

Ladislaus alikuwa ameshapaza sauti. Namba sita. Namba sita iko majini. Mwokoaji kule mnarani alisimama, akatazama nje, na hakuhitaji darubini.

"Kuna mkono!" alipiga kelele.

Sasa watu wote waliuona. Mkono mmoja, umenyooka juu, kule kwenye maboya, mahali palepale alipouona Deborah Jumatano. Waokoaji wawili walilalia vibao vyao wakapiga maji kwa nguvu zote, na Deborah aliingia baharini mpaka kiunoni na nguo zake, akimwita Cédric kwa majina yake yote, lile la Kifaransa na lile la kwao.

Walimleta amelala chali. Mkono ulikuwa umeganda ukielekea juu, na hawakuweza kuushusha ili kumfunika shuka. Daktari aliyekuja na gari la polisi alimchunguza kwa muda mrefu mgongoni na shingoni, kisha akamuuliza Deborah ni lini mumewe aliingia majini.

"Jumapili," Deborah alisema.

"Leo?"

"Jumapili iliyopita."

Daktari alimtazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mjane aliyechanganyikiwa. Akamweleza kwa upole kwamba hilo haliwezekani. Huyu mtu hakukaa majini amekufa wiki nzima. Amekufa jana, jioni, wakati wa chakula cha usiku au karibu na hapo.

Walimzika Jumamosi. Kanisa lilijaa na watu walimlilia Deborah, wakamletea sukari na mchele, na kila aliyemkumbatia alimwongezea uzito, maana hakuna aliyejua habari za yule samaki isipokuwa yeye. Mzee Ladislaus alimwambia neno moja tu pale makaburini: jetoni ya Cédric haishushwi. Itabaki kwenye ubao siku zote, ndiyo sheria, kwa kuwa mwenye mkono hayupo tena. Alikuwa ameuzungushia ubao blanketi na kuufungia stoo.

Jumapili kikundi kilikutana, si kuogelea, bali kuweka maua. Ladislaus alilifungua blanketi mbele ya watu wote. Msumari wa sita ulikuwa mtupu. Alimuuliza mmoja mmoja, akamwacha Deborah mwisho, na kila mtu alikana. Kufuli ya stoo haikuwa imeguswa. Mzee aliutazama ule msumari, akaupitishia kidole, kidole kikarudi kibichi.

"Yule jini amerudi," mtu mmoja alinong'ona.

"Hapana," Ladislaus alisema. "Yule hawezi kushusha kitu."

Deborah alirudi Umbilo kwa miguu. Mlango wake ulikuwa umefungwa kama alivyouacha, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, kwenye mkoba wake. Aliufungua. Ndani hakukuwa na harufu ya majani ya bahari wala maji sakafuni. Kulikuwa na harufu ya sabuni tu, ileile ya kila siku. Msumari wa bafuni haukuwa na kitu. Akaenda chumbani, na taulo lilikuwa limetupwa juu ya kitanda, upande wake, limelowa chapachapa.

Deborah aliketi karibu nalo. Hakuligusa. Alikunja mikono mapajani, akaanza kutafuta la kumwambia Cédric atakapomuuliza kuhusu ile jioni ya Jumamosi ya samaki.